Mpini Uliogeuka Ala: Kisu cha Kukunja katika Historia ya Masasi na Newala

Mwezi uliopita mpwa wangu aliyeko Newala alinipigia simu kunijulisha kwamba amepata kibarua cha kubebesha miche ya mikorosho, na kwamba kila kibarua ametakiwa kufika na kisu chake mwenyewe. Baada ya hapo alinyamaza. Hakuwa na haja ya kuendelea. Miongoni mwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ndiye huulizwa kwanza pale mtoto wa dada yake anapoingia katika kazi ya watu wazima. "Nimesikia, mpwa wangu," nilimjibu. "Kisu nitakileta mimi."

Kuahidi ni kwepesi. Nilikuwa na shilingi 15,000 tu za kununulia kisu hicho, na siku ya soko nilisimama mjini Masasi mbele ya turubai lililopangwa visu vya kukunja vya kila namna: vya mpini wa mti, vya mpini wa plastiki, vyeusi kama vya askari wa kwenye filamu, na vingine vilivyopigwa majina ya nchi ambazo havikupata kuziona. Muuzaji alinihimiza nichukue kile kilichong'aa kuliko vyote. Nilimshukuru, nikaondoka mikono mitupu. Kipo kidole kimoja cha marehemu mjomba wangu ambacho kila nisimamapo mbele ya visu hunijia machoni, nami sikutaka kununua kwa haraka.

Habari ya kidole hicho nitaifikia, ndugu msomaji. Kwanza naomba tutembee pamoja kidogo katika historia, kwa kuwa swali nililokuwa nalo pale sokoni si geni katika nchi hii. Ni kisu gani kimfaacho mtu mwenye fedha chache? Watu wa Masasi, mji uliozungukwa na majabali, na watu wa Newala, waliopanda juu ya uwanda wa Makonde hadi ukingoni mwake panapotazama bonde la Ruvuma, wamelijibu swali hilo kwa namna mbalimbali kwa zaidi ya miaka 100. Majibu yao yana manufaa hadi leo.

Kisu na viungo vyake

Tuanze na maneno, maana maneno nayo ni ghala la historia.

Kiswahili kimekitendea kisu haki. Sehemu ikatayo ni makali. Sehemu pana ya chuma ni bapa, ambayo kamusi za zamani huiita pia kengee. Mwisho wake ni ncha. Mkia wa chuma unaozama ndani ya mti ni msuka, na mti wenyewe ni mpini. Pete ya chuma inayoubana mdomo wa mpini, pale bapa linapoingilia, ni noleo. Nyumba ya kisu ni ala, na jiwe lake ni kinoo. Wengi wetu leo tumebaki na makali na mpini tu. Msuka na noleo tumewaachia wahunzi na wazee.

Sasa tukitazame kisu cha kukunja kwa macho ya maneno hayo. Hakina msuka: mahali pake pana msumari mdogo ambao bapa huuzunguka. Hakina ala ya ngozi wala ya mti: mpini umepasuliwa katikati, ukageuka ala. Badiliko ni hilo moja, na ndani yake mna fadhila zote za kisu hiki na hatari yake yote. Fadhila ni kwamba mtu aweza kwenda nacho mfukoni popote bila kujichoma, na kukipata mara anapokihitaji. Wahenga walikwisha kutuambia kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Hatari ni kwamba nguvu yote ya kisu imewekwa juu ya msumari mmoja. Kisu cha msuka hakiwezi kumgeukia mwenyewe. Cha kukunja chaweza, maana bapa lake daima lina njia ya kurudi nyumbani, na katika njia hiyo ndipo vilipo vidole vya aliyekishika.

Neno lenyewe nalo lina jamaa zake. Kutokana na kunja twapata kunjua, kunjamana, na mkunjufu, yaani mtu mwenye uso na moyo uliofunguka. Lugha yetu yaona kwamba kufungua na kufunga ni tabia, si tendo la mkono peke yake. Kisu hiki hatukukiita kwa umbo lake wala kwa chuma chake. Tulikiita kwa uwezo wake wa kujizuia.

Tena lipo neno kijembe. Jembe, wembe na kijembe ni watoto wa shina moja. Tangu zamani wasemaji wa lugha za Kibantu walitumia shina hilo kwa vyuma vya kulimia na vya kunyolea. Katika kamusi kijembe ni kisu kidogo au wembe mdogo. Katika ushairi na taarabu ni neno la kuchoma kwa mafumbo. Watunzi wangeweza kuuita mchomo huo upanga au mkuki. Walichagua kile kidogo kinachofichika, kwa sababu katika kijembe maana hukunjwa ndani ya maneno mazuri, na mlengwa huona makali yakiwa yamekwisha kumpata.

Si vibaya kukumbuka hapa kwamba Masasi ina udugu na historia ya kamusi zetu. Edward Steere, ambaye mwaka 1870 alitoa kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili cha Unguja, ndiye huyo huyo ambaye mwaka 1876, akiwa askofu, aliongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja, wakapitia Lindi, wakafanya makao Masasi. Watu hao walianza maisha kwa kufyeka, kujenga na kulima. Yaani walianza kwa chuma mkononi.

Chuma kabla ya duka

Lakini chuma kilikuwapo kabla yao. Kasisi Yohanna B. Abdallah wa Unangu aliandika kwa Kiyao historia ya watu wake, Chiikala cha Wayao, iliyochapishwa mwaka 1919. Humo anawataja Wachisi, ukoo wa wahunzi, waliozunguka nchi wakiuza majembe na zana walizozifua. Na mwendo wao anauhesabu kuwa miongoni mwa mianzo ya biashara iliyowafikisha Wayao hadi pwani.

Katika ulimwengu huo, kuchagua kisu kulikuwa kuchagua mhunzi. Mnunuzi alimjua aliyekifua, au alimjua mtu amjuaye. Kisu kikikunjamana kama jani, palikuwa na mlango wa kubisha na mtu wa kuulizwa. Dhamana ilikuwa uso wa mtu.

Mwishoni mwa karne ya 19 mambo yalianza kugeuka. Mpira wa porini, uliogemwa katika vichaka vya uwanda wa Makonde, uliteremshwa hadi bandari za Lindi na Mikindani, na kutoka huko zilipanda bidhaa za ng'ambo. Mwaka 1898 serikali ya Kijerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba, rupia 3 kwa nyumba ya shamba. Tangu hapo kila kitu cha dukani kilipimwa kwa mizani mpya: nikinunua hiki, nitabakiwa na nini siku ya kodi? Hapo ndipo swali la "kisu kwa fedha chache" lilipozaliwa kwa sura tuijuayo sisi. Zamani za kubadilishana mali mtu aliweza kuwa maskini wa rupia na bado akawa na kisu kizuri cha jirani yake mhunzi. Sasa umaskini wa fedha uliingia hadi mfukoni mwa zana.

Mwaka 1905 ilizuka Vita vya Maji Maji, na nyumba za misheni za Masasi, Lukuledi na Nyangao zikateketezwa. Mwaka uliofuata, nchi ikiwa bado inanuka moshi, alifika mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig. Alikaa Masasi, Chingulungulu na Newala, akipiga picha, akirekodi nyimbo, na kukusanya vyombo vya watu ili avipeleke kwao. Habari za safari hiyo alizichapisha mwaka 1908. Kwa hiyo njia ya bandarini ilikuwa na misafara miwili. Vyombo vilivyotengenezwa kwa mikono ya watu wa huku vilikuwa vikiteremka kwenda kuwekwa katika makabati ya kioo Ujerumani, na vyuma vya viwanda vya Ujerumani vilikuwa vikipanda kuja kuuzwa. Cha kwetu kilipewa heshima ya makumbusho wakati uleule kilipoanza kukosa soko.

Kisu kilichotengenezwa kwa ajili yetu

Twende huko vilikotoka visu hivyo.

Ulaya ilikuwa na miji miwili mikubwa ya wafua visu, Sheffield ya Uingereza na Solingen ya Ujerumani. Sheffield ilikuwa na jina tangu karne ya 14: mshairi Chaucer, katika mojawapo ya hadithi zake za Canterbury, anamtaja msagishaji wa nafaka aliyebeba kisu cha Sheffield katika soksi yake. Ona jinsi kisu cha kila siku kilivyoingia mapema katika ushairi wa watu. Katika karne ya 19 wafuaji wa Sheffield walilalamika kwamba wenzao wa Ujerumani walikuwa wakipiga alama za Sheffield juu ya vyuma duni. Malalamiko ya namna hiyo yalichangia kutungwa kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1887, iliyotaka bidhaa za kigeni zionyeshe nchi zilikotoka. Nusu karne baadaye, mwaka 1938, Solingen nayo ilipata sheria ya kulilinda jina lake lisiibwe. Aliyeshtakiwa kwa kughushi amekuwa anayeogopa kughushiwa. Basi mtu wa Masasi asione kwamba ni yeye wa kwanza kuuziwa jina badala ya kisu.

Ilikuwa Solingen, mwaka 1902, ndiko kulikoanza kutengenezwa kisu cha kukunja kiitwacho Okapi, kikikusudiwa kuuzwa katika makoloni ya Ujerumani barani Afrika. Jina lilikuwa jipya masikioni mwa Wazungu: mnyama okapi wa misitu ya Ituri, huko Kongo, alikuwa ametambulishwa kwa wanasayansi wa Ulaya mwaka 1901 tu, kutokana na ngozi na mafuvu yaliyopelekwa na Harry Johnston. Wengi wa wasomaji wangu watakuwa wamekiona kisu hicho: bapa moja refu lenye ncha kali, mpini wa mti uliopinda kidogo, na juu yake mapambo ya nyota na mwezi. Baadhi yake vina pete ndogo mgongoni. Ukikifungua hutoa sauti ya meno yanayosagana, na ili ukifunge sharti uivute ile pete. Tangu mwaka 1988 hakitengenezwi tena Ujerumani, bali Afrika Kusini. Kisu kilichobuniwa kwa ajili ya Waafrika kimeishia kufuliwa Afrika.

Hakikuwa peke yake. Huko Savoie, katika milima ya Ufaransa, kijana Joseph Opinel alianza mwaka 1890 kutengeneza kisu cha wakulima: bapa, mpini wa mti, msumari na noleo, basi. Mwaka 1955 kikaongezewa pete izungukayo, ambayo hulizuia bapa lisirudi. Kwa maneno yetu ya kale, lile noleo la kawaida lilivishwa noleo la pili lenye mwendo. Na mwaka 1929 mji wa Thiers, Ufaransa hiyohiyo, ulitoa Douk-Douk, kisu cha mpini wa bati lililokunjwa, kilichokusudiwa kwa makoloni ya Bahari ya Kusini, kikapata wapenzi wengi Algeria.

Nimevitaja vitatu hivi kwa sababu vinafundisha jambo moja. Vyote vilikuwa visu vya watu wasio na fedha, na viwili kati yake vilifikiriwa kwa ajili ya watu waliotawaliwa, ambao hakuna aliyetaka kuwapa kitu cha anasa. Hata hivyo vimeishi zaidi ya visu vingi vya matajiri. Kwa nini? Kwa sababu urahisi wa bei una njia mbili. Iko bei ndogo itokanayo na uchache: mtengenezaji ameondoa mapambo, ameondoa bapa la pili na la tatu, ameondoa kila kiungo kisicho cha lazima, akabaki na chuma cha kweli. Na iko bei ndogo itokanayo na udanganyifu: vitu vyote vimo, bapa, komeo, kifungulio cha chupa, hata tochi, lakini hakuna hata kimoja kilicho cha kweli. Mnunuzi maskini hana tatizo na njia ya kwanza. Ya pili ndiyo imlayo.

Lipo pia jambo la kusikitisha ambalo haifai kulificha. Huko Afrika Kusini, na hata Jamaica ng'ambo ya bahari, Okapi ilipata sifa mbaya kama silaha ya vijana wa magenge. Chuma ni kilekile kilichomenya machungwa na kukata kamba katika vijiji vyetu. Tofauti ilikuwa ni mahali kilipokunjuliwa, na kwa ajili ya nini.

Vita, korosho na miaka ya rafu tupu

Vita Vikuu vya kwanza vilifika uwandani mwaka 1916, Wareno walipovuka Ruvuma na kuishika Newala, kisha wakaondolewa na Wajerumani kabla ya mwaka kwisha. Nyuma ya majeshi walikuja wapagazi kwa maelfu, wale ambao jina la kikosi chao limebaki katika neno Kariakoo. Vita hivyo, na vile vya pili, vilieneza kisu kingine cha kukunja: kisu cha jeshi la Kiingereza, kizito, chenye kifungulia kopo na msumari mnene wa kulegeza mafundo ya kamba. Askari aliporudi kwao, redio hakuwa nayo, lakini kisu aliweza kurudi nacho.

Baada ya hapo ukaja wakati wa mikorosho. Msimu ulipoanza, kati ya Oktoba na Desemba, fedha zilionekana. Nje ya msimu hazikuonekana. Mpaka leo mambo makubwa ya nyumba za Newala na Masasi, bati la paa, ada ya shule, mahari, husubiri korosho. Kisu nacho kilinunuliwa katika msimu, na kikivunjika mwezi wa Machi mtu alivumilia. Mwaka wa 1973/74 Tanzania ilivuna karibu tani 145,000 za korosho. Kisha zikaja pamoja shida nyingi: watu kuhamishiwa vijijini mbali na mashamba yao, bei kushuka, na ugonjwa wa ubwiriunga. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000.

Katika miaka hiyohiyo, baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bidhaa ziliadimika nchi nzima. Sabuni ilipangiwa foleni, sembuse kisu cha mfukoni. Kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilitoa majembe, lakini jembe halimenyi chungwa. Ndipo wahunzi walipokumbukwa tena. Springi za magari mabovu zikageuka mapanga. Vipande vya misumeno ya chuma vikasuguliwa juu ya mawe vikawa visu vyembamba vikali, vikafungwa mpini kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Mjomba wangu alikuwa nacho kimoja. Kilikuwa kibaya kwa sura, tena hakikukunjika, akawa akikiviringisha katika kipande cha turubai. Alikitumia miaka minane. Kwa muda mfupi, kwa sababu ya shida, tulirudi katika ulimwengu wa Wachisi: kisu kilikuwa na uso wa mtu.

Mwaka 1984 milango ya biashara ilianza kufunguliwa, na maduka yakajaa polepole. Neema hiyo ilileta visu vingi vya kung'aa, na kwa njia hiyo tumefika kwenye kidole cha mjomba.

Kidole

Ilikuwa msimu mmoja mzuri. Mjomba alipokea fedha za korosho, akasema kwamba mtu aliyevumilia msumeno miaka minane anastahili kisu cha kiungwana. Akanunua cha kukunja, kizito, cheupe kama kioo, chenye kibati cha ndani kilichotakiwa kulizuia bapa lisirudi. Alikionyesha kwa kila mgeni. Mimi nilikuwa kijana wa kumshikia mikeka, na nilikitamani kisu kile hadi usiku nikakiota.

Hakikufika mwezi wa tatu. Alikuwa akitoboa tundu katika kipande cha mwanzi, amekisukuma kwa ncha, kile kibati kikateleza, na bapa likarudi nyumbani kwake. Mshipa wa kidole cha shahada ulikatika. Jeraha lilipona, kidole hakikupona. Kilibaki kimejikunja kidogo, hakinyooki wala hakifumbati, na kuanzia hapo mpini wa jembe ulimponyoka mkononi. Msimu uliofuata alilipa vibarua kufanya kazi aliyokuwa akiifanya mwenyewe. Ukijumlisha fedha hizo, hakuna kisu cha bei ghali kuliko kile katika ukoo wetu.

Siku moja nilikilaani kisu kile mbele yake. Akanizuia. "Mwanangu, usikionee," akasema. "Hakikunidanganya. Nilikitazama kwa macho, sikukiuliza kwa mkono."

Baadaye alininunulia mimi kisu changu cha kwanza, cha mpini wa mti wenye nyota. Nilikaa nacho mpaka bapa likawa jembamba kama unyasi kwa kunolewa. Kabla ya kukinunua alikiuliza kwa mkono, mbele ya muuzaji aliyekasirika, kwa muda unaotosha kunywa chai.

Maswali ya mkono

Basi nilirudi sokoni Masasi juma la pili, nikaanza kuuliza kama alivyouliza yeye.

Kwanza nilihesabu viungo. Kwa shilingi 15,000 mtu hawezi kupata vitu sita vilivyo vizuri; aweza kupata kimoja. Visu vyote vyenye zaidi ya bapa moja niliviweka kando.

Pili nilikifungua kila kimoja, nikalishika bapa kwa vidole viwili na kulitikisa kwa upande. Likicheza kabla ya kazi kuanza, msumari ni dhaifu, na baada ya mwezi litacheza maradufu.

Tatu, kwa vile vyenye komeo, niliugandamiza mgongo wa bapa juu ya ukingo wa meza, mkono ukishika mbali na njia ya makali. Viwili vilijifunga papo hapo. Kisu kisicho na komeo kabisa ni salama kuliko chenye komeo la uongo: cha kwanza humfundisha mwenyewe kuwa mwangalifu, cha pili humfundisha kuamini.

Nne nilikifunga na kupitisha kitambaa juu ya mdomo wa mpini. Ncha ikikwaruza kitambaa, siku moja itakwaruza paja.

Tano nilitazama chuma. Chuma cheupe kisichoshika kutu, kikiwa cha bei ya chini kabisa, mara nyingi ni laini. Hung'aa daima na hukata siku mbili. Chuma cha kawaida cha kaboni hushika kutu na huwa cheusi kikigusa maji ya embe au ya ndimu, lakini hunoleka upesi hata juu ya jiwe la mtoni, na tone la mafuta ya ufuta kila jioni hukitosha. Kwa anayebebesha mikorosho hili ndilo kubwa. Mkato wa mche na mkato wa kikonyo cha mti mama sharti uwe laini, wa mara moja, ili tabaka la kijani la huyu likutane na la yule; kisu butu huponda gome, na mche hufa siku ambazo kibarua amekwisha kulipwa au kufukuzwa.

Nilichokipata kilikuwa cha mpini wa mti, bapa moja, chuma cheusi, bila komeo la kujivunia. Kilikuwa na alama ya jina mashuhuri. Sikuiamini wala sikuikataa. Mkono ulikwisha kujibu. Nililipa shilingi 9,000. Kwa 4,000 nilinunua kinoo, maana kisu bila kinoo ni kisu cha mwezi mmoja, na 2,000 zilizobaki zilipanda nami gari la Newala.

Mpwa wangu alikipokea kwa mikono miwili. Nilimpa kikiwa kimefungwa, kisha nikamwonyesha mara tatu mahali pa kuweka kidole gumba wakati wa kukifunga. Nilimwambia pia jambo ambalo mjomba aliniambia mimi: siku ya ngoma, siku ya mpira, siku ya kilabuni, kisu hiki kinalala nyumbani. Aliitikia kwa kichwa. Sijui kama aliniona mzee mwenye maneno mengi. Kisha akaomba aitazame picha ya mjomba, akauliza ni mkono upi, nami nikamwonyesha.

Usiku ule, nikiwa Newala, upepo wa ukingoni ukivuma kutoka bondeni, niliandika ubeti huu. Ameubandika juu ya mlango wa chumba chake.

Kisu changu cha mfuko, kikunjikapo hulala,
Si cha vita na vituko, ni cha kazi na chakula,
Hukata huku na huko, hukata embe nikala,
Mpini ndio mwaliko, makali yana mahala.